Pengo Lisikike: Kufasiri Tungo za Piano za Mkono wa Kushoto Pekee

Sifa ambayo wapiga piano wengi huitafuta katika tungo za mkono wa kushoto pekee ni msikilizaji kufumba macho na kusema, "Haiwezekani, hiyo ni mikono miwili." Ni sifa nzuri kwa mtu wa mazingaombwe. Kwa mwanamuziki ni nusu ya kazi, na mara nyingi ndiyo inayoharibu nusu iliyobaki.

Chanzo cha yote ni umbali. Oktavu moja ya piano, yaani umbali kutoka noti hadi noti inayofuata yenye jina lilelile, ina upana wa sentimita 16.5 hivi. Besi na melodi zikiachana oktavu mbili na nusu, mkono una safari ya zaidi ya sentimita 40, kisha unatakiwa urudi. Mikono miwili ingepiga besi na melodi kwa wakati mmoja na mambo yakaisha. Mkono mmoja hauwezi: lazima kimoja kitangulie kingine, na katikati yao linabaki pengo la muda. Swali kubwa la kufasiri muziki huu ni kwamba pengo hilo unalifanya nini.

Wengi hulibana. Wanairusha besi kana kwamba kibonye kina moto, wanaruka, wanaidondokea melodi. Ukisikiliza kwa makini utaona matokeo yake: besi inatoka kavu na kali kwa sababu mkono unaokimbia hupiga kwa nguvu hata usipokusudia, na noti ya kwanza ya melodi inatoka na kishindo kwa sababu mkono umeifikia ukiwa bado kwenye mwendo. Pengo limefichwa, lakini bei yake imelipwa na sauti mbili zilizo muhimu kuliko zote. Msimamo wa makala haya ni kwamba pengo ni sehemu ya tungo, lipewe kipimo chake, na lisikike.

Mtunzi Johannes Brahms alilielewa hili mapema. Mwaka 1877 aliihamishia kwenye mkono wa kushoto wa piano ile Chaconne ya Bach, tungo ya mada inayojirudiarudia, inayofunga Partita (mfululizo wa dansi) ya pili ya violini, katika D maina. Mikono yake yote miwili ilikuwa mizima. Kazi hiyo alimpelekea mpiga piano Clara Schumann, ambaye kwa sadfa alikuwa ameumia mkono wa kulia siku zilezile. Katika barua yake Brahms alieleza kwamba kwa njia hii tu ndipo anapojihisi kama mpiga violini: ugumu unafanana, mbinu inafanana, hata kule kuzivunjavunja kodi (noti kadhaa zilizoandikwa zilie pamoja) kunafanana. Karibu kila noti ya Bach aliiacha ilivyo, akaishusha tu oktavu moja. Mpiga piano Ferruccio Busoni baadaye aliitengeneza Chaconne hiyohiyo kwa mikono miwili, na ni kama amejenga kanisa kubwa juu ya kibanda cha mtawa. Jengo ni zuri. Ila ule mkazo wa upinde unaojitahidi kuzikamata nyuzi nne, ukashindwa, ukazigawa mbilimbili, umetoweka, kwa kuwa mikono miwili haina cha kujitahidi.

Hakuna anayemlaumu mpiga violini kwa kuivunja kodi ya noti nne. Mpiga piano wa mkono mmoja naye hana sababu ya kuona aibu.

Lakini kuacha pengo lisikike si kulegea. Mada ya Chaconne inaanzia kwenye pigo la pili la kipimo cha mapigo matatu, na ukianza kuvunja kodi ovyo, kila moja kwa muda wake, msikilizaji anapoteza hesabu ya tatu kabla mada haijajirudia mara ya pili. Kanuni ninayoitetea ni hii: pale melodi inapokuwa juu, noti za chini zitangulie pigo, noti ya juu kabisa ndiyo iangukie kwenye pigo. Pale mada inapokaa kwenye besi, igeuze: noti ya chini ndiyo iwe pigo, zile za juu zifuate kama mwangwi. Amua kodi baada ya kodi, kwa penseli, usiuachie mkono uamue ukiwa jukwaani. Mkono una tabia ya kuvunja hata kodi inayoweza kukamatwa yote kwa pamoja, kwa sababu tu ile iliyotangulia ilivunjwa.

Namna ya kulipatia pengo kipimo ni rahisi kuieleza, ngumu kuivumilia. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Chukua besi moja na noti moja ya melodi inayoifuata. Mara ya kwanza besi ipigwe pigo zima kabla ya melodi, mkono uende taratibu, ukiguse kibonye cha melodi, usubiri, ndipo upige. Mara ya pili iwe nusu pigo. Mara ya tatu robo. Wengi watagundua kwamba robo inatosha kwa sehemu kubwa ya muziki wa polepole, na kwamba chini ya hapo mkono huacha kwenda na kuanza kujitupa. Kule kugusa kibonye kabla ya kukipiga ndiyo siri ya zoezi lote. Mkono uliofika na kutulia, hata kwa sehemu ya kumi ya sekunde, unaweza kuchagua sauti. Uliofika ukiwa bado unaruka hauna uchaguzi.

Mguu nao, unaokanyaga pedali inayoziacha nyuzi zilie, una zamu yake, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika bila mpigaji kujua kosa liko wapi. Mpangilio sahihi ni huu: kidole kidogo kinashuka kwenye besi, na wakati huohuo mguu unapanda ili kuifuta kodi iliyopita. Kidole bado kimeshikilia, mguu unashuka tena na kuikamata besi. Baada ya hapo tu ndipo kidole kinaachia na mkono kuondoka. Mkono ukiondoka kabla mguu haujashuka, hata kwa nukta, vizima sauti vinarudi juu ya nyuzi na besi inakufa. Melodi inabaki inaning'inia hewani bila sakafu. Kosa la pili ni pacha wa la kwanza: mguu unabadilishwa pamoja na melodi badala ya besi, kwa sababu mpigaji amezoea kubadilisha pedali kwenye pigo. Katika muziki wa mikono miwili tabia hiyo haina madhara, maana besi na melodi vinakutana kwenye pigo hilohilo. Hapa besi ilishapita, na pedali inayofuata pigo inaifagilia mbali. Ukisikia piano inasikika nyembamba ghafla katikati ya sentensi, usiulaumu mkono. Tazama mguu.

Hatua ya juu zaidi ni nusu pedali. Nyuzi nene za chini zina nguvu nyingi na hazizimiki kwa mguso mwepesi. Nyuzi fupi za juu huzimika upesi. Ukiuinua mguu kidogo tu na kuurudisha haraka, vizima sauti vinazigusa nyuzi zote kwa wepesi: melodi ya zamani inasafishwa, besi inaendelea kuimba. Bila ujuzi huu kipande chochote chenye besi ndefu kitakuwa ama kavu ama tope. Kila piano ina mahali pake ambapo vizima sauti vinaanza kuuma, kwa hiyo kabla ya konsato bonyeza noti ya chini, kanyaga pedali, achia kidole, kisha uinue mguu polepole mpaka usikie sauti inaanza kufa. Kumbuka mahali hapo. Anayefanyia mazoezi kwenye piano ya umeme ajue kama pedali yake inatambua ngazi za katikati au ni ya kuwasha na kuzima tu. Kama ni ya kuwasha na kuzima, nusu pedali haipo, na mguu utajifunza uongo. Pedali ya kati ya piano kubwa, inayoshikilia zile noti tu zilizokuwa zimebonyezwa wakati ilipokanyagwa, inaweza kusaidia mahali pachache. Kwenye piano nyingi za wima pedali ya kati huwa ni ya kupunguza sauti wakati wa mazoezi, kwa hiyo usijenge ufasiri wako juu yake.

Hapa panafaa hoja nzito dhidi ya msimamo wangu, nayo inatoka kwa mtunzi Maurice Ravel mwenyewe. Aliyemwagiza aandike koncheto (tungo ya piano na okestra) ya mkono wa kushoto alikuwa Paul Wittgenstein, mpiga piano wa Vienna aliyepoteza mkono wa kulia mwaka 1914 katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ravel aliizungumzia kazi hiyo akasema kwamba katika tungo ya aina hii ni muhimu muziki usionekane mwembamba kuliko ule ulioandikwa kwa mikono miwili. Basi si ndiyo ruhusa ya kuficha pengo?

Sidhani. Ravel alidai unene, na unene si sawa na upamoja. Tazama jinsi piano inavyoingia, baada ya okestra kupanda kutoka kwenye giza la kontrabasuni, ala ya kupuliza yenye sauti nzito: inabaki peke yake, inachota kutoka chini kabisa na kupanda, na sauti inajazwa na zile nyuzi zilizoachwa zikilia nyuma. Noti zimeandikwa zifuatane, pedali ndiyo inayozikusanya. Kwenye kadenza ya mwisho, sehemu ya piano peke yake, melodi iko juu kwenye kidole gumba, besi iko chini, na katikati noti ndogondogo zinapita kama mawimbi chini ya mtumbwi. Mpigaji anayeogopa pengo anayakimbiza mawimbi ili melodi iwahi, na yanageuka povu. Anayeliacha pengo anaipa besi nafasi ya kukua baada ya kupigwa, na huo ndio unene anaousema Ravel.

Wittgenstein aliizindua koncheto hiyo Vienna tarehe 5 Januari 1932, akiwa amebadilisha sehemu kadhaa kwa ridhaa yake mwenyewe, na Ravel hakumsamehe kirahisi. Mtu unaweza kuielewa hofu ya mpigaji: mkono mmoja mbele ya okestra nzima. Lakini karatasi ikijaa noti haimaanishi piano imejaa sauti.

Kuhusu kidole gumba. Watu huuhurumia mkono wa kushoto bila sababu. Katika mkono wa kulia, melodi ya juu huangukia kidole kidogo na cha pete, vidole dhaifu kuliko vyote. Katika mkono wa kushoto melodi ya juu inaangukia gumba na shahada, vyenye nguvu na uhuru. Kwa umbile lake, huu ndio mkono unaofaa kuimba juu na kujisindikiza chini. Tatizo la gumba ni kwamba lina nguvu kupita kiasi: likiachiwa, kila noti ya melodi inapigwa kama msumari. Dawa yake ni kulikalisha karibu sana na kibonye, lisinyanyuliwe, na kuuachia mzunguko mdogo wa kiganja ulisukume. Lipige kwa ubavu karibu na ukucha, si kwa kiungo.

Kisha kuna suala la kuunganisha. Gumba likipiga noti tatu mfululizo haliwezi kuziunganisha lenyewe, na wengi wanaiachia pedali kazi yote. Afadhali utafute msaada wa shahada: mahali melodi inapopanda hatua moja, gumba lishike noti ya kwanza, shahada ipite juu yake na kuichukua ya pili, huku gumba likiachia bila haraka. Nocturne ya mtunzi Alexander Scriabin, ya pili katika zile tungo mbili za mkono wa kushoto za opus (namba ya kazi) 9 ya mwaka 1894, ni shule nzuri ya jambo hili. Iko katika D-flati meja, yenye vibonye vyeusi vitano, na gumba linaweza kuteleza kutoka kibonye cheusi hadi cheupe kilicho jirani chini yake, kutoka G-flati kwenda F au kutoka D-flati kwenda C, bila kunyanyuka. Mtelezo wa namna hiyo unaunganisha kuliko pedali yoyote. Huenda si ajabu basi kwamba watunzi wengi wa muziki huu wamependa funguo zenye vibonye vingi vyeusi. Hata mpiga piano Leopold Godowsky, aliyeandika mazoezi 53 juu ya etudi (vipande vya kufundishia mbinu) za Chopin, 22 kati yake kwa mkono wa kushoto pekee, alipoichukua ile ya opus 10 namba 12 aliihamisha kutoka C maina hadi C-sharpi maina.

Kidole kidogo, kinachobeba besi, hakihitaji kuimarishwa kwa mazoezi ya kukitesa. Kinahitaji mkono nyuma yake. Kiwiko kitoke nje kidogo kuelekea besi, uzito ushuke kutoka begani, na kwenye noti nzito kidole cha pete kiwekwe juu ya kibonye kilekile pamoja nacho.

Maandishi yenyewe humdanganya msomaji. Tungo hizi kwa kawaida huandikwa kwenye mistari miwili, wakati mwingine mitatu, kwa hiyo macho yanaona mikono miwili. Utakuta besi yenye thamani ya kipimo kizima, ilhali mkono umeondoka tangu mwanzo wa kipimo hicho. Thamani hiyo ni amri kwa mguu. Isome partitura, yaani karatasi ya noti, mara ya kwanza bila kupiga, ukiuliza juu ya kila noti ndefu: hii inashikiliwa na kidole au na pedali? Noti mbili ndefu zikidai pedali moja na kodi zake zikagombana, hapo ndipo utakapohitaji ile nusu pedali.

Linabaki swali ambalo wenye mikono yote miwili huliuliza kwa sauti ya chini: kuna ubaya gani kuusaidia mkono wa kushoto kwa wa kulia? Mpiga piano Alfred Cortot aliitengeneza koncheto ya Ravel kwa mikono miwili, na Ravel hakupendezwa. Katika mazoezi naona faida kubwa. Piga melodi kwa mkono wa kulia na besi kwa wa kushoto, jirekodi, usikilize ni sauti gani ungeitaka kama umbali usingekuwepo, kisha uitafute sauti hiyo kwa mkono mmoja. Wiki moja ya kufanya hivyo huokoa mwezi wa kukariri miruko. Jukwaani ni jambo jingine. Mkono wa kulia ukiingia, besi na melodi vinakutana, sababu ya kuvuta pumzi inaondoka, mwendo unapanda wenyewe, na sentensi ya muziki inapoteza ule uzito uliokuwa ukitokana na safari ya mkono. Noti zote zipo, ila tungo nyingine imepigwa. Wala sisemi hivi kwa ajili ya uaminifu wa kimashindano. Mashindano ndiyo yaliyoifanya etudi ya A-flati ya mtunzi Felix Blumenfeld, ambayo ni wimbo mpana na mtulivu katika moyo wake, ipigwe kama mbio za kuzima moto.

Mwili nao usisahaulike, maana hapa mkono mmoja unafanya kazi ya miwili bila zamu ya kupumzika. Koncheto ya Ravel inakaribia dakika 20. Sogeza kiti kulia kwa upana wa vibonye vyeupe vinne hadi sita, yaani sentimita 9 hadi 14 hivi, ili mkono ufike juu bila kiuno kujisokota. Ukizidisha hapo, mguu wa kulia unalala upande kutafuta pedali na goti linaanza kulalamika. Mkono wa kulia ushike ukingo wa kiti au utulie pajani. Ndio unaoweka mizani wakati kiwiliwili kinapoinamia besi. Mazoezi yagawanywe vipande vya dakika 20, na ukisikia joto la kuuma upande wa nje wa mkono kati ya kiwiko na kifundo, acha papo hapo. Wengi huufikia muziki huu wakiwa wameshaumia mkono wa kulia, kama Scriabin aliyejiumiza kwa kuzidisha mazoezi, au mpiga piano Leon Fleisher, ambaye vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kujikunja katika miaka ya 1960 na ugonjwa ukaja kutambuliwa kuwa distonia, yaani misuli kujikaza bila hiari. Anayehamia kushoto na tabia zilezile zilizomuumiza kulia atajikuta hana mkono wa kuhamia.

Anayeanza asianze na Godowsky. Etudi sita za Camille Saint-Saëns, opus 135 za mwaka 1912, zina maandishi mepesi, miruko michache, na ndani yake mna dansi za kale kama Bourrée na Gigue. Ravel mwenyewe alizichunguza kabla ya kuandika koncheto yake. Preludi ya Scriabin, ile ya kwanza katika opus 9, ifuate, kisha Nocturne.

Na kuna tungo moja inayoikataa hoja yangu waziwazi. Koncheto ya nne ya Sergei Prokofiev, ya mwaka 1931, nayo iliagizwa na Wittgenstein, akakataa kuipiga. Ikasubiri hadi 1956, mpiga piano Siegfried Rapp alipoizindua Berlin. Sehemu zake za haraka hazitafuti unene. Ni mstari mmoja unaokimbia, mwembamba kwa makusudi, na mkono unapita toka chini hadi juu kama sindano ya cherehani. Hapa hakuna besi ya kungoja wala melodi ya kuiandalia nafasi. Ukiipa pedali ya Ravel inakuwa uji, na ukiacha mapengo inakatikakatika. Noti ziwe sawa, vidole vishuke vikiwa karibu na vibonye, gumba lizuiwe lisipige kelele kila linapopita chini ya vingine, na mguu wa kulia, kwa kurasa kadhaa mfululizo, ukae sakafuni.